Mfarishi wa Bi Zuhura na Ugomvi wa Bandi

Salima hajaniacha nipumue tangu niache kazi. Kila nikipita mbele ya karakana yake ya kushona kwenda sokoni ananiita kutoka dirishani: "Mama Mwamini, andika basi! Hawa watoto wanafanya ovyo." Hawa watoto ni nyinyi, mafundi wapya, na ni kweli mnafanya ovyo. Juzi niliingia kusalimia nikakuta mfarishi mzima umelazwa juu ya meza ya kukatia, nusu yake inaning'inia, na mmoja wenu anauchomeka pini huku simu ameibana kwa bega. Nilitoka bila kuaga. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapiga kelele, na daktari amenikataza kelele.

Sitaeleza nilipewa cheo gani wala mwaka gani. Vyeo vya karakana ya kushona ni kuhama kutoka kiti kisicho na mgongo kwenda kiti chenye mgongo. Nitaeleza bandi, maana ndiyo imenitoa jasho maisha yangu yote na ndiyo mnayoidharau.

Kwa yule aliyeingia jana: mfarishi una matabaka matatu. Juu kuna uso wa viraka, ambao mteja anaupenda. Katikati kuna pamba, au blanketi jembamba. Chini kuna marikani, kitambaa cheupe cha pamba. Kabla hujashona ya kudumu lazima uyashikize haya matatu yasitembee, na huko kushikiza ndiko kupiga bandi. Ukiipiga vizuri hakuna atakayeiona, kwa sababu mwishoni inatolewa. Ukiipiga vibaya, mji wote wa Rumonge utaiona: mikunjo upande wa chini, pamba imejikusanya pembeni kama uji uliomwagika, na mteja amesimama mlangoni na mashangazi zake.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa msichana mwembamba niliyedhani nitapewa mashine. Mama alinipeleka kwa Bi Aziza, mama yake Salima, aliyekuja zamani kutoka upande wa Uvira na cherehani yake, akafungua karakana kati ya soko na ziwa. Bi Aziza hakuniuliza jina. Alitandika marikani sakafuni, akaivuta kila upande mpaka ikakaa kama ngozi ya ngoma, akaibana kingo kwa mawe, akaweka pamba, akaweka uso, akanipa sindano ndefu.

"Piga magoti," akasema.

"Nianzie wapi, Bi Aziza?"

"Katikati. Unasukuma hewa kwenda inje. Ukianza pembeni, hewa itakwenda wapi? Itakwenda kwa mama yako?"

Nilitambaa juu ya ule mfarishi mpaka adhuhuri. Nilijivunia. Mishono yangu ilikuwa midogo, imepangana, mizuri kuliko hata ya shuleni. Bi Aziza alirudi kutoka kuswali, akainama, akaiangalia, akachukua mkasi akaikata yote. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

"Umeifinya," akasema. "Bandi haifinyi kitambaa. Inashika tu, kama unashika mutoto mukono kuvuka barabara. Na mushono urefu wake kiganja. Hii ndogondogo utaitoa na nini, na meno? Rudia."

Nilirudia. Kesho yake nikarudia tena. Kama mnadhani mimi ni mkali, mshukuru Mungu hamkumkuta Bi Aziza.

Esperansi alikuja miaka michache baadaye. Alitoka Bugarama, mlimani, na kushona alifundishwa na masista. Alikuwa na sauti kubwa, mikono mikavu isiyotoa jasho hata mwezi wa joto, na kopo la biskuti lililojaa pini za kufunga, zile za nepi za watoto. Nilipoanza kumweleza habari ya uzi, alifungua kopo lake, akapiga magoti, akauchomeka mfarishi mzima pini kila baada ya kiganja, akasimama wakati mimi bado natafuta tundu la sindano, akaapa kwa Kirundi chake:

"Yampayinka, Mwamini! Utazeekea hapo chini?"

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na haujaisha. Mimi nilisema pini ni kazi ya haraka kwa watu wasio na muda wa kazi. Hapa kwetu unyevu wa ziwa unaingia hata kwenye chumvi. Ukiacha pini wiki moja wakati wa mvua zinaota kutu, na kutu kwenye marikani nyeupe haitoki kwa ndimu wala kwa dua. Na daima inabaki moja. Mke wa mkubwa fulani wa mjini aliipata ile moja kwa paja lake, na aliyetumwa kwenda kuomba msamaha nilikuwa mimi, si mwenye pini. Esperansi naye alisema uzi wangu unanaswa na mguu wa mashine, kwamba yeye akimaliza kushona anafungua pini na kwenda nyumbani, na mimi nabaki alasiri nzima nikivuta nyuzi kwa kibano kama ninayemnyonyoa kuku. Hilo la kuku lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinikera.

Bi Aziza hakuwahi kutuamua. Alisema tu, "Kila nguo iko na tabia yake, muiulize yenyewe," akaendelea kupasha pasi. Tulikuwa tunataka atoe hukumu. Nadhani alifurahia kelele.

Bi Aziza alipofariki, karakana ikawa ya Salima. Salima ni mtoto mzuri, nilimbeba mgongoni, lakini alikuwa amekaa Bujumbura na akarudi na makopo ya gundi ya kupuliza. Unapuliza, unabandika, basi. Hakuna magoti, hakuna pini. Alitufanyia onyesho akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kwa haki ya Mungu niseme: mifarishi midogo ya watoto wachanga ilitoka vizuri. Lakini gundi ile ilipaka sindano za mashine, ilikamata kila mdudu aliyepita, na harufu yake ilituumiza vichwa. Zaidi ya yote, kazi ya gundi lazima ifuliwe ikiisha, la sivyo inabaki ngumu na kunuka. Kwa hiyo tukawa watu watatu na njia tatu, kila mmoja akiwatazama wengine wawili kama wapumbavu. Wateja walisubiri.

Ndipo alipokuja Mariamu.

Alikuja kutoka Kabezi na basi dogo la asubuhi, mwanamke wa makamo, na begi kubwa mapajani ambalo hakutaka dereva aliweke juu. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa amefariki. Nguo zake ndizo zilikuwa ndani ya begi: vitenge, kanga zilizofuliwa mpaka zikawa nyepesi kama karatasi ya sigara, na gauni moja la satini. Alitaka tumshonee baba yake mfarishi.

"Baba haoni," akatueleza. "Macho yalimwisha zamani. Tangu mama aondoke, analala na kanga yake moja chini ya shavu. Anaishikashika. Nimeona nimshonee zote ziwe pamoja, apate kujifunika."

Esperansi akavuta kiti, akakaa. Mimi nikaanza kutoa nguo kwenye begi. Zilikuwa na harufu ya udi na ya moshi wa jikoni, na chini yake harufu ya mtu.

"Kitu kimoja nawaomba," Mariamu akasema. "Zisifuliwe. Tafadhali. Ile harufu ndiyo anayoitafuta."

Tukamwahidi. Salima alikuwepo, lakini alikuwa anaongea na simu.

Uso wa viraka tuliushona bila mabishano, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi. Mabishano yalingoja bandi. Mimi nikasema pini zitatoboa satini, na tundu kwenye satini halifungi. Esperansi akasema uzi ukipita kwenye kanga kuukuu utaikata kama waya unavyokata sabuni, pini angalau inaingia sehemu moja na kutulia. Nikamwambia hajui satini. Akaniambia sijui uzee wa nguo, labda kwa sababu sijitazami kwenye kioo. Tukatoka nje kwenye kibaraza ili wateja wasitusikie, na mtaa mzima ukatusikia.

Tulipokuwa huko nje, Salima, kwa nia njema, aliamua kutusaidia.

Niliisikia harufu kabla sijaona. Niliingia nikamkuta na kopo mkononi, amekwisha kupuliza marikani yote na blanketi la katikati, na ameshika uso wa viraka kwa ncha mbili tayari kuulaza.

"Usiweke!" nikapiga kelele. Nilisahau kama yeye ndiye bosi. "Salima, usiweke hiyo nguo hapo!"

"Mama Mwamini, itaisha leo leo, tutafua kesho..."

"Hatufui! Mteja hataki zifuliwe! Alisema hapa, mbele yako, wewe ukiwa na simu masikioni!"

Salima akaganda. Esperansi akampita, akauchukua uso wa viraka mikononi mwake taratibu, akautoa nje kwenye upepo wa ziwa, akauweka mbali na ile harufu. Kisha akarudi na mimi nikamwona analia, mtu ambaye sikumwona akilia hata kwenye msiba wa Bi Aziza.

"Mama yangu mimi aliacha kitenge kimoja," akasema. "Kimoja tu. Nilikifua."

Salima akakusanya marikani na blanketi zenye gundi, akaenda sokoni mwenyewe kununua nyingine, na makopo yaliyobaki akayafungia kabatini. Mimi na Esperansi tukachukua mabaki ya kanga na kipande cha satini kutoka kwenye mkono wa gauni, tukajaribu. Pini ziliacha matundu kwenye satini. Uzi wangu wa kawaida ulikata kanga. Tulikuwa na haki wote wawili, na hakuna kitu kinachochosha kama hicho. Mwishoni tulichukua sindano nyembamba kabisa ya kudarizi na uzi laini wa rangi ya njano ili tuuone wakati wa kuutoa, tukapiga magoti, mimi upande huu na yeye upande ule, tukapitisha mishono kwenye maungio ya viraka tu, pale ambapo kitambaa kiko mara mbili na kina nguvu. Mishono ilikuwa legevu, urefu wa kiganja. Magoti yetu yalilia kuliko mlango wa karakana. Esperansi alifuata njia yangu, na akalalamika kila hatua ili nisije nikadhani nimeshinda.

Tulipoimaliza bandi, tukawa tayari kuanza kushona ya kudumu. Asubuhi hiyo Mariamu akapiga simu.

"Mama Mwamini, baba iko hali mubaya. Mfarishi uko wapi?"

"Bado, mwanangu. Umeshikizwa tu. Haujashonwa."

"Uleteni hivyo hivyo."

Nilikuwa sijawahi kutoa kazi iliyo kwenye bandi. Ni kama kumtoa mtu nje na taulo. Lakini utamwambiaje mtu mwenye baba kitandani habari za taratibu? Tukaufunga kwenye shuka safi, tukapanda basi la Kabezi. Barabara mnaijua. Baada ya Muhuta ziwa lilikuwa limekula upande mmoja, tukashuka wote tupite kwa miguu kwenye tope ili basi liwe jepesi, mimi nimebeba mfarishi kichwani, Esperansi nyuma yangu akiniambia niangalie ninapokanyaga, kana kwamba mimi nilikuwa naangalia ndege.

Mzee Saidi, baba yake Mariamu, alikuwa amelala chumba cha mbele, mdogo kwenye kitanda kikubwa. Mariamu alimwambia wageni wamefika. Tukamsalimia. Akaitika kwa sauti ya chini, bila hamu. Tukaufungua mfarishi, tukamfunika mpaka kifuani, mimi nikiomba moyoni bandi isikatike.

Mikono yake ikaanza kutembea. Ilisimama kwenye kiraka kimoja, ikakisugua.

"Hii ya Idi," akasema. "Alininunia siku nzima kwa sababu nilichelewa kuileta." Mkono ukasogea. "Hii ya sokoni. Hii... hii alimzaa nayo Mariamu." Akaifikia satini. Akaivuta mpaka puani. Mariamu akageuka ukutani.

Mzee Saidi hakufa siku ile, wala wiki ile. Alianza kula. Mariamu akatuambia kwa simu kwamba anakaa kitandani, anaongea, anamkosoa mpishi. Tulifurahi, kisha mimi kama fundi nikasema: basi sasa uturudishie mfarishi, tuushone.

Mzee akakataa.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza. "Mzee wangu, ile si kazi iliyokwisha. Ni bandi. Inashika kwa muda tu. Ukiivuta itaachia, blanketi litatembea, viraka vitachanika."

"Mutakaa nao siku ngapi?"

"Wiki moja. Labda mbili, kuna mvua."

"Oya, hapana. Ukiachia, mutakuja mushikize tena."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Niwaambie wazi, hakuna kazi iliyonichosha kama hiyo. Kila baada ya muda uzi ulikatika, maana haukuumbwa kudumu, na mimi na Esperansi tukapanda basi kwenda Kabezi kupiga bandi upya juu ya mkeka, mzee ameketi kando ameshika pembe moja tusije tukauiba. Hakutaka hata upelekwe chumba cha pili. Na sisi, tukishapiga magoti, tukaanza: Esperansi anaona tungeweka pini chache pembeni, mimi nauliza pini zikimchoma mtu asiyeona atazitafutaje, yeye anasema uzi wangu ndio unaotuleta huku kila mara, mimi namwambia basi abaki nyumbani. Mzee Saidi alisikiliza yote. Wakati mwingine aliuliza: "Na hiyo bandi inapigwaje hasa?" Nikamweleza huku nafoka, kwa sababu nilidhani anatudhihaki.

Kisha simu zikakoma. Mvua ikaisha, kiangazi kikaingia, Mariamu hakutuita. Mimi nilisema mzee ameudhika na mdomo wa Esperansi. Esperansi akasema ni mdomo wangu. Salima akasema tunyamaze wote tufanye kazi.

Mariamu alikuja mwenyewe, begi lile lile mapajani. Mzee Saidi alikuwa amezikwa. Tulimpa pole, tukakaa naye, Salima akaleta chai. Alipokwisha kunywa akautoa mfarishi.

"Sasa ushoneni," akasema. "Nitaulalia mimi."

Tukautandika sakafuni. Uzi wetu wa njano ulikuwa umebaki vipande viwili vitatu. Kote kwingine ulipita uzi mweusi, mnene, wa kushonea magunia, mishono mirefu iliyopinda, mingine imerudi mahali ilipotoka, mingine imepita pembeni kabisa ya kiraka. Lakini hakukuwa na mkunjo hata mmoja chini. Blanketi lilikaa pale pale tulipoliweka.

"Nani kapiga hii?" nikauliza. Nilidhani wamempa fundi mwingine, na nilikuwa tayari kuudhika.

"Baba," Mariamu akasema. "Mimi nilimtungia uzi tu. Nilitaka niwaite, akakataa. Alisema wale mama wawili iko wazuri, lakini wanagombana sana, Zuhura hakupenda kelele."

Esperansi akaweka mkono mdomoni. Mimi nikaangalia dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia.

Halafu, kwa sababu kazi ni kazi, nikachukua mkasi. Bandi hutolewa. Nilikuwa nimewaambia watu hivyo tangu nilipoanza kufundisha.

"Mwamini, ukigusa huo uzi nitakuvunja mkono," Esperansi akasema.

"Utanaswa na mashine."

"Unaswe."

Nikamtazama Mariamu. Vidole vyake vilikuwa vimeshika moja ya ile mishono mibaya, na havikuwa vinaivuta.

Nikaurudisha mkasi mezani. Tuliushona kwa mkono, mimi na Esperansi, kutoka pande mbili, tukipita kando ya uzi mweusi wa mzee bila kuukata mahali popote. Ilichukua muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na mishono yangu mizuri ya kudumu inaonekana kidogo sana pembeni ya ile yake. Mteja yeyote mwingine angeikataa kazi hiyo mlangoni. Mariamu aliukunja, akatushukuru, murakoze cane, akapanda basi la Kabezi ameukumbatia. Mimi na Esperansi tukabaki tukifagia nyuzi sakafuni, na hakuna aliyeanzisha ugomvi mpaka tulipofunga mlango.